Babu Ndani ya Gauni: Historia ya Buto, Dansi ya Kijapani Iliyomkosesha Nesi Usingizi

SEHEMU YA 1: ANAINUKA KUTOKA KWENYE VITI

Tarehe 1 Novemba 1977, jijini Tokyo. Ukumbi umejaa, watu wanasubiri kitu kitokee jukwaani. Kumbe kitu chenyewe kimekaa katikati yao. Kwenye viti vya watazamaji anainuka mtu mwenye gauni refu na kofia ya kike, uso umepakwa rangi nyeupe kama chokaa, midomo imekolezwa. Anatembea polepole kuelekea jukwaani, mkono unatangulia, mwili unaufuata. Ungedhani ni bibi kizee aliyekosea kiti.

Siyo bibi. Ni babu. Anaitwa Kazuo Ohno, ana miaka 71, na sehemu kubwa ya maisha yake amewafundisha wanafunzi mazoezi ya viungo. Kwa takriban miaka kumi alikuwa amejitenga na jukwaa. Usiku huo alirudi, na dunia ya dansi haikumsahau tena.

Najua wengi mnanifuata hapa kwa mada za presha, sukari na chanjo za watoto. Leo naomba mnivumilie. Nawaletea historia ya dansi, na mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini ni nesi anayeileta.

Onyesho hilo, ambalo jina lake kwa Kiswahili tunaweza kusema ni "Kumsifu La Argentina", lilirudiwa mara nyingi na kurekodiwa. Mimi nililiona kwenye rekodi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nikaegesha simu kwenye mto nikisema nitazame dakika tano nilale. Sikulala. Nilipofika mahali ambapo mzee amevua gauni, amebaki na kichupi cheusi tu, mbavu zinahesabika na ngozi ya mapaja imelegea, nikakaa kitako.

Mwili ule naujua. Naugeuza kila baada ya saa mbili kazini. Naufuta kwa maji ya uvuguvugu, naupaka mafuta mgongoni, naukagua nyongani na visiginoni kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Lakini sikuwahi kuona watu wamelipa kiingilio ili wakae kimya wautazame kwa heshima ile.

Aina hii ya dansi inaitwa buto. Ukitafuta picha zake mtandaoni utakutana na watu weupe pe, vichwa vimenyolewa, midomo wazi, macho yamegeuzwa juu, vidole vimekunjamana. Najua kuna ndugu zangu watasema moja kwa moja, "Sista, hayo ni mapepo." Subirini kwanza. Kila kiungo kilichokunjwa pale kina historia yake, na historia yenyewe inaanza na kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti cha bei rahisi.


SEHEMU YA 2: MWALIMU ALIYEPELEKWA VITANI

Kazuo Ohno alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1906 mjini Hakodate, kwenye kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye baridi kali. Baba yake alikuwa mtu wa shughuli za uvuvi. Kijana akaenda Tokyo kusomea ualimu wa mazoezi ya viungo.

Mwaka 1929, akiwa bado mwanafunzi, aliingia kwenye Ukumbi wa Kifalme wa Tokyo na kukaa juu kabisa, mbali na jukwaa. Siku hiyo alikuwa akicheza mwanamke wa Kihispania, Antonia Mercé, aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1890 na kwa hiyo akajulikana kama La Argentina. Alikuwa bingwa wa kastaneti, vile vibao viwili vidogo vinavyogonganishwa kiganjani.

Ohno hakuwahi kuongea naye. Hakuwahi kumwona tena. Mama yule alifariki tarehe 18 Julai 1936 huko Bayonne, Ufaransa, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ndiyo kwanza vinawaka. Lakini kijana wa kiti cha juu aliondoka na kitu kifuani, akakibeba miaka 48 kabla hajakitoa. Weka akilini hiyo hesabu, tutairudia.

Akawa mwalimu Yokohama, kwenye shule za Kikristo, na yeye mwenyewe akabatizwa. Kwa kuwa alitakiwa kuwafundisha wanafunzi dansi, naye akaenda kujifunza: kwanza kwa Baku Ishii, halafu kwa Takaya Eguchi na Misako Miya, ambao walikuwa wamesoma Ujerumani kwa Mary Wigman. Huyo Wigman alikuwa ameachana na urembo wa baleti. Alicheza huzuni, uzee, hata uchawi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba buto ilizuka porini Japani bila kugusana na mtu. Mbegu nyingine ilitoka Ulaya.

Mwaka 1938 Ohno akaitwa jeshini. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa mwaka huohuo, Yoshito. Mwalimu wa viungo akapelekwa China, baadaye New Guinea. Hakurudi nyumbani hadi 1946, baada ya kukaa pia kama mfungwa wa kivita. Mtoto aliyemwacha kwenye nepi alikuwa na miaka kama minane.

New Guinea ilikuwa nini? Kwa askari wa Kijapani ilikuwa msitu wa njaa. Meli za chakula hazikufika. Waliokufa kwa njaa, malaria na kuhara walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Sisi pia vita ile inatuhusu: mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki waliokuwa KAR walikuwa Burma wakipambana na jeshi hilohilo la Japani kwenye matope na mvua. Kama ukoo wenu una babu aliyekwenda Burma, pengine unajua jinsi alivyorudi. Alirudi na medali, na kimya.

Ohno naye alirudi na kimya. Kwenye meli ya kuwarudisha nyumbani, watu waliokuwa wamenusurika msituni waliendelea kufa kwa udhoofu, na maiti zikawa zinazikwa baharini. Aliyaona majimaji ya baharini, wale viumbe laini kama uji wa wanga wanaoelea karibu na uso wa maji. Baadaye alitunga dansi ya viumbe hao. Alisema ilitokana na wale waliotupwa baharini.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 43, alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake Tokyo. Miaka 43! Wachezaji wengi wa baleti umri huo wameshastaafu. Na ukumbini siku hiyo alikuwepo kijana wa miaka 21 kutoka mashambani.


SEHEMU YA 3: KIJANA WA AKITA NA KUKU

Kijana huyo tunamjua kama Tatsumi Hijikata. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1928 katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, nchi ya mpunga na theluji. Familia yao ilikuwa na watoto kumi na moja. Alipomwona Ohno akicheza, alisema baadaye, uchezaji ule ulimwingia kama sumu.

Sasa sikilizeni kilichotokea tarehe 24 Mei 1959.

Chama cha wachezaji dansi kilikuwa na onyesho la vijana wapya. Hijikata akaleta kazi fupi iitwayo Kinjiki, jina aliloliazima kwenye riwaya ya Yukio Mishima. Hakuna muziki wa kupendeza, na jukwaa karibu lote ni giza. Wapo wanaume wawili: Hijikata mwenyewe, na kijana mdogo wake, ambaye ni yule Yoshito, mtoto wa Ohno aliyeachwa mchanga. Kijana anapewa kuku hai. Kuku anabanwa katikati ya mapaja. Halafu giza, nyayo zinakimbia, pumzi zinasikika. Mada ilikuwa mapenzi ya wanaume, kitu ambacho hakikuwa kikitamkwa kwenye jukwaa la heshima.

Watu walikasirika kwelikweli. Hijikata akatoka kwenye chama. Wanahistoria wengi wanahesabu usiku huo kuwa ndiyo kuzaliwa kwa buto.

Mimi mambo ya kuku sikubaliani nayo, na nadhani wengi wenu pia. Lakini tuangalie mazingira. Japani ya 1959 ilikuwa inajinyoosha. Vita vimeisha, viwanda vinafunguliwa, nchi inataka kuonekana safi na ya kisasa. Mwaka 1960 mitaa ya Tokyo ilijaa waandamanaji waliopinga mkataba wa kijeshi na Marekani, na mwanafunzi wa kike, Michiko Kanba, akafa kwenye vurugu za Juni 15. Mwaka 1964 Olimpiki zikaja, treni ya mwendo kasi ikazinduliwa. Kila kitu kinang'aa.

Ndani ya mng'ao huo, Hijikata akauliza: vilivyopinda vimewekwa wapi? Wako wapi wagonjwa, malaya wazee, vilema, waliokufa? Mwaka 1960 akamtungia Ohno nafasi ya Divine, mhusika wa riwaya ya Mfaransa Jean Genet, mwanamume anayeishi akivaa kike, anauza mwili mitaani Paris na mwisho anakufa kwa kifua kikuu. Mwalimu wa viungo, Mkristo, mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, akakubali kuvaa gauni na kufa kifo hicho mbele za watu.

Neno lenyewe buto huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya kucheza, ya pili kukanyaga. Zamani Wajapani walilitumia kwa dansi za kigeni kama walzi. Hijikata akaliokota, akaliongezea neno la mbele, "ankoku", yaani giza totoro. Ikawa dansi ya giza totoro.


SEHEMU YA 4: MIGUU YA MATEGE

Hapa ndipo nesi aliponogewa.

Baleti inataka nini? Miguu iliyonyooka, shingo ndefu, mwili unaoruka kana kwamba dunia haina uzito. Hijikata akaangalia miguu ya watu wa kwao Akita. Miguu ya kuinamia mpunga, magoti yamepinda, mgongo umekunjwa na baridi. Miguu ya matege. Akasema dansi yake itaanzia hapo, chini, kwenye tope.

Alisimulia kuhusu watoto wadogo wa Akita ambao wazazi wao, wakati wa kulima, waliwaweka kwenye vikapu vya majani ya mpunga kando ya shamba. Mtoto anafungwa humo asitoke, anakaa kutwa nzima, analia hadi sauti inakwisha. Jioni akitolewa, miguu imekufa ganzi, haimbebi. Kwa Hijikata, miguu ile isiyojua tena kusimama ilikuwa mwalimu wa dansi. Alisema pia kwamba dada yake aliyefariki anaishi ndani ya mwili wake, na yeye akikaa, dada anasimama.

Mwaka 1972 alifanya mfululizo wa maonyesho ya usiku 27. Kazi mojawapo iliitwa Hosotan, yaani hadithi ya ndui. Ndani yake Hijikata analala sakafuni, amekonda, kama mgonjwa aliyeliwa na maradhi. Anajaribu kuinuka. Hawezi. Anajaribu tena, anainua goti, kiwiko kinateleza, anarudi chini. Na muziki unaosindikiza ni wimbo mtamu wa wachungaji wa Ufaransa. Yaani hakuna kingine kinachotokea: mtu anajaribu kusimama.

Ninyi mliowahi kuuguza mtu mwenye kiharusi mnajua kwamba hilo peke yake ni tukio zima.

Na kwa wapenda historia ya tiba: mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili aliugua Oktoba 1977 huko Merca, Somalia, siku chache kabla Ohno hajainuka kutoka kwenye viti vile Tokyo. Hijikata alipocheza Hosotan, ndui haikuwa hadithi ya kale. Ilikuwa bado inaua watu.

Alifundishaje? Hakusema "inua mkono, zunguka". Alitumia maneno na picha. Anakuambia: mdudu anatembea kwenye mkono wako wa kulia. Sasa kuna mwingine shingoni. Mwingine anapanda mguuni. Sasa ni wengi, wameingia ndani ya ngozi, wanakula. Usiigize, waache tu watembee. Mwili unaanza kutetemeka wenyewe. Alijaza madaftari kwa picha za wachoraji alizokata magazetini na kwenye vitabu, pamoja na maneno yake pembeni, na mengi leo yanahifadhiwa Chuo Kikuu cha Keio. Mcheza dansi Yoko Ashikawa ndiye aliyeubeba ufundi huo kuliko wote miaka ya 1970. Hijikata mwenyewe baada ya 1973 hakucheza tena jukwaani, alibaki kuwatungia wengine.

Na rangi nyeupe? Inafuta uso wa mtu mmoja mmoja. Hujui tena huyu ni nani, kijana au mzee, hai au mfu. Kinachobaki ni mwili.

Kuna jambo linarudiwarudiwa mtandaoni, kwamba buto ilizaliwa kutokana na bomu la Hiroshima, na kwamba wale weupe wenye midomo wazi ni majeruhi wa atomiki. Ni maelezo mepesi kukumbuka, ndiyo maana yanasambaa. Lakini tazama wenyewe tuliowataja: mmoja alitoka njaa ya New Guinea, mwingine alitoka baridi na mashamba ya Akita. Hiroshima imo, kwa sababu kila Mjapani wa kizazi kile aliishi chini ya kivuli chake. Ila ukisema buto ni bomu tu, unakuwa umemfuta mtoto wa kwenye kikapu, umewafuta waliozikwa baharini, umemfuta hata Mary Wigman.


SEHEMU YA 5: MIAKA 48 BAADAYE

Turudi kwa mzee wetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ohno aliacha maonyesho ya peke yake. Mwaka 1976 akaingia kwenye maonyesho ya picha za Natsuyuki Nakanishi. Picha moja haikuwa na mtu wala jengo, ni rangi na mistari tu. Ohno akasimama mbele yake, akamwona La Argentina. Yule mwanamke wa 1929, aliyekufa miaka 40 iliyopita, yumo kwenye rangi, anacheza, anamwita.

Akarudi nyumbani kutunga. Hijikata, yule kijana aliyemwona 1949, ndiye aliyemwongoza. Onyesho linaanza na Divine kuinuka kwenye viti, kupanda jukwaani kwa muziki wa Bach, na kufa. Halafu mzee anazaliwa upya kama msichana mdogo. Halafu anavua nguo zote anabaki na kile kichupi cheusi, mwili wa babu usio na pa kujificha. Halafu tango. Mwishoni Maria Callas anaimba Puccini, na Ohno, ndani ya gauni tena, anamcheza mwanamke aliyempenda kwa mbali maisha yake yote.

Naomba muelewe jambo moja. Hamwigi La Argentina. Hana kastaneti, hagongi visigino. Hana hata nguvu za kufanya hivyo. Anafanya kile ambacho mikono yake ya miaka 71 inaweza, na mikono ile ilikuwa imebeba maiti, imeshika chaki, imeosha watoto. Kidole kimoja kinafunguka taratibu kama mtu anayefungua barua anayoiogopa. Nilitazama sehemu hiyo mara nne.

Mwaka 1980 alialikwa Nancy, Ufaransa, akiwa na miaka 73. Ndiyo mara ya kwanza Ulaya kumwona, na tangu hapo akaanza kuzunguka dunia kwenye umri ambao wengine wanazunguka kliniki. Kundi la Sankai Juku, lililoanzishwa na Ushio Amagatsu mwaka 1975, nalo likatoka nje ya Japani kipindi hichohicho, na buto ikawa ya dunia nzima.

Mwaka 1981 Ohno akatoa kazi iitwayo "Mama Yangu". Kuhusu mama yake alisimulia kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Alisema mama alipokuwa anakufa alimwambia kwamba ndani ya mwili wake kuna samaki bapa anaogelea, yule samaki anayelala chini kwenye mchanga wa bahari. Ohno hakusema "mama anaweweseka". Aliyachukua maneno yale kama usia, akatafuta kwa miaka jinsi mwili unavyoweza kukaa bapa chini ya uzito wa maji yote yale, na bado ukaogelea.

Mimi nimekaa na watu wengi kwenye saa zao za mwisho. Wanasema vitu. Mmoja ananiambia nifunge dirisha, ng'ombe wanaingia. Mwingine anaomba viatu kwa sababu basi limefika. Tunaandika kwenye faili, "mgonjwa amechanganyikiwa", na kitabibu ni sahihi, lazima tuandike, kwa sababu inaweza kuwa sukari imeshuka au oksijeni haitoshi, na hayo yanatibika. Lakini ukishapima sukari, ukishaweka oksijeni, na ng'ombe bado wanaingia, basi kaa chini uulize ni ng'ombe wa nani. Mara nyingi utapewa jibu. Nimewahi kutajiwa ng'ombe watatu kwa majina yao na rangi zao na mtu aliyefariki kabla ya saa sita mchana.


SEHEMU YA 6: MKONO UNAOBAKI

Hijikata alifariki tarehe 21 Januari 1986, ini lilikuwa limeharibika. Alikuwa na miaka 57. Ohno, aliyemzidi zaidi ya miaka ishirini, aliendelea.

Akacheza akiwa na miaka 80. Akacheza akiwa na miaka 90. Mwaka 1999 alicheza New York, akiwa na miaka 93. Baada ya hapo macho yakaanza kumsumbua, miguu ikakataa. Angalia sasa alichofanya: akacheza amekaa kwenye kiti. Miguu imekataa, kuna kiwiliwili. Kiwiliwili kikichoka, kuna mikono. Yoshito, yule mtoto wa 1938 na kijana wa Kinjiki, akawa anamleta baba jukwaani, anamshikilia, anasimama nyuma yake. Mwishoni ulikuwa mkono mmoja unaotembea hewani, na watu bado walikuja kuutazama.

Kazuo Ohno alifariki tarehe 1 Juni 2010 mjini Yokohama akiwa na miaka 103. Yoshito aliendelea kucheza akiwa na kikaragosi kidogo cha baba yake kimevikwa kidoleni, hadi naye alipofariki Januari 2020.

Haya, ndugu zangu, kwa nini nimewachosha na historia ya Japani?

Niseme kwanza kile ambacho sisemi. Sisemi dansi inatibu kiharusi. Mtu akipooza ghafla, mdomo ukaenda upande, maneno yakagongana, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri asubuhi, msimpeleke kuombewa kwanza. Na baadaye mazoezi ya viungo na mtaalamu hayana mbadala. Hilo halijabadilika.

Ninachosema ni hiki. Majumbani kwetu mtu akishapooza au akishazeeka sana, tunaanza kumfunika. Chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, mgeni akija anaambiwa "amelala". Tunasema ni kumstahi, na ni kweli stara ni heshima, wazee wetu walitufundisha hivyo. Lakini stara ni ya nguo. Kuna kufunika kwingine ambako mtu mzima anageuzwa kuwa aibu ya familia. Hata sisi wahudumu tunafanya hivyo kwa njia yetu. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, wagonjwa walikuwa hawana majina: "wa kitanda namba saba ageuzwe", "namba tisa hajala". Namba saba alikuwa fundi seremala. Nilijua kwa sababu kila nilipomsogezea trei, kidole gumba cha mkono wake mzima kilipita kwenye ukingo kikitafuta kama pamepigwa randa vizuri.

Hicho ndicho kitu ambacho wazee wawili wa Japani walikiona mapema. Mwili ulioharibika haujawa mtupu. Miguu ya matege ina shamba lote la mpunga ndani yake. Kidole gumba kina mbao za miaka hamsini. Hijikata alienda kuchukua miili iliyofichwa akaiweka chini ya taa, kwa ukali, hata kwa kuudhi. Ohno akafanya jambo gumu zaidi: aliutumia wa kwake, ukiwa unamtoka kidogo kidogo, akauonyesha kila hatua bila kuomba radhi.

Tangu nilipoangalia onyesho lile nina utaratibu mmoja na wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Kabla hawajamgusa mgonjwa aliyelala muda mrefu, nawaambia simama dakika moja, usifanye kitu, angalia mikono yake. Halafu niambie unaona nini. Mwanzoni wanasema "kuna uvimbe", "kucha ndefu". Sawa, andika. Siku ya tatu, ya nne, wanaanza kusema vingine. Mmoja juzi aliniambia, "Sista, huyu mama anasuka." Tukaangalia. Kweli, juu ya shuka, vidole viwili vya mkono wa kulia, vinasuka ukili.

Tukamwita mwanawe wa kike aliyekuwa amekaa nje. Akaja, akaangalia, akavua kilemba, akalaza kichwa chake pale karibu na mkono wa mama yake. Hatukusema kitu, tukavuta pazia tukawaacha.

Kama nyumbani una mtu wa namna hiyo, leo jioni kaa naye dakika kumi, weka simu mbali, tazama mikono. Ukiona kitu, uliza. Na mgeuze kila saa mbili, tafadhali, ngozi haisubiri historia. Kuhusu vidonda vya kulalia, dalili zake za mwanzo na jinsi ya kumgeuza mtu mzito bila kuumia mgongo, nitaandika kesho, maana nimeshaulizwa sana.